Kandambili Ukutani

Jumatatu, 3 Februari
Kitinda mimba wangu kamaliza picha. Kandambili za buluu juu ya mchanga, kamba moja imelegea, soli zina alama za vidole vya mtu aliyekwenda kuogelea. Nimeikodolea macho mpaka chai ikamwagika jikoni. Binti anasema asipopatikana mtu wa kuitazama ataifunika kwa rangi nyeupe, na kuchora ataacha. Haiwezekani. Nimemzaa mimi, na nyumba ya wageni pale ufukweni napiga deki mimi. Kuta zake nazijua.

Jumanne, 4 Februari
Nimemwomba meneja. Kasema ukuta wake si wa viatu. Wifi yangu wa mapokezi kaniuliza kama kesho naleta na soksi. Nimeendelea kupiga deki. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Jumatano, 5 Februari
Nimewahi kazini. Nimeng'oa kalenda ya wifi kwenye msumari wa mlangoni, juu ya zulia la kufutia miguu. Nikatundika picha.
Sijui nisemeje. Wageni wanaingia, wanaitazama, wanavua viatu. Wote. Bwana mmoja mwenye suti kavua mpaka soksi, kazishika mkononi kwa adabu. Ufagio ulinidondoka. Nimeona watu wakivua viatu nyumba ya ibada. Kuivulia picha, sijapata kuona. Na ya mwanangu.
Wifi anasema wanadhani ni kibao cha kuwaamuru wavue. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Februari
Mlangoni hapapitiki kwa viatu. Bwana wa suti kaondoka na vya mpishi. Meneja kajikwaa, kaanguka kifudifudi mbele ya wageni. Kasema kalenda irudi, ama niondoke mimi na kandambili zangu. Nimemuuliza yeye lini aliheshimiwa hivyo na miguu ya watu.
Nimerudi na picha kwapani, moyo mzito. Binti alikuwa ameshalifungua kopo la rangi nyeupe. Nikamsimulia yote. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza taratibu, kweli mama, walivua? Nikamwambia kweli mwanangu, mpaka soksi. Akalifunika kopo, akalisukuma uvunguni.

Ijumaa, 7 Februari
Meneja kaniapisha nisitundike tena kitu kwenye ukuta wake. Nimeapa. Ukuta wa kinyozi wa jirani si wake, na una msumari mtupu. Nimemwagiza binti achore kofia. Tuone nani atathubutu kukaa pale na yake kichwani.