Kilo Thelathini za Siku Hizi

Jumatatu, 3 Juni

Nina miaka sabini na sita. Nimewazika madaktari wawili walioniambia sitavuka sitini. Nimewamaliza mameya saba, ngazi mbili nilizoanguka nazo, na lori lililonigonga likavunjika taa. Kwa hiyo huyu bwana wa mazingira wa manispaa asidhani ananitisha na kikaratasi chake.

Amekuja asubuhi na buti mpya. Akaingia karakana yangu bila hodi, akakunja pua, akaligonga pipa kwa kalamu. Akauliza mzee, humu mna nini. Nikamwambia maji ya betri yaliyomaliza kazi, lita mia moja na mbili, jasho la miaka arobaini. Akasema hiyo ni taka hatari. Akasema kuna kiwanda ng'ambo ya maji kinachopokea vitu hivyo, na meli inaondoka Jumamosi. Jumatatu ijayo akilikuta pipa, anatia kufuli. Kufuli! Kwenye mlango nilioutundika kwa mikono hii!

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa dirishani anasikiliza. Nikamwona anaupima mlango kwa macho. Anataka kuweka vyerehani mle ndani. Yeye anaita banda. Banda! Nikifungiwa nitashinda sebuleni niambiwe baba nyanyua miguu tufagie. Afadhali kaburi, huko hawafagii.

Jumanne, 4 Juni

Ofisi ya wakala wa meli. Karani ni binti mwenye miwani. Aliniita babu. Nimemsamehe.

Akasema pipa zima linataka cheti, mtaalamu, na sehemu yake peke yake melini. Nikaanza kufoka. Akasema polepole babu, vitu vidogo vidogo vina utaratibu mwepesi. Chupa isizidi lita moja. Chupa zikae ndani ya boksi imara, zisigongane, zisivuje. Boksi na vyote vilivyomo lisipite kilo thelathini. Ubavuni lichorwe alama ya almasi, kona ya juu nyeusi, ya chini nyeusi, katikati nyeupe. Mwisho, karatasi ya kutamka kilichomo. Na kwa kuwa kinakwenda kutupwa, neno la kwanza liwe TAKA.

Nikapiga hesabu papo hapo, wima. Chupa mia moja na mbili. Maboksi matatu! Yeye akasema huenda yakafika matano. Nikamwambia mjukuu wangu, mimi niliacha shule darasa la pili, kabla hawajaniharibu.

Mlangoni nikagongana na shemeji. Huyu ni mdogo wake mke wangu, mtunza stoo mstaafu, ana duka la rangi ng'ambo ya barabara. Tunamwita Kanuni, nyuma yake na mbele yake. Naye kapewa karatasi kwa ajili ya thina yake chafu, vilita kumi na tano tu. Masharti ya meli kayakunja mfukoni kama picha ya mchumba. Akasema shemeji, njoo uchukue mizani yangu ya dukani. Nikamwambia nyumbani kwangu pia kuna uzito. Miaka thelathini sijaazima kitu kwake, sitaanza na mizani.

Jumatano, 5 Juni

Nimemimina. Faneli, glavu, chupa mpya za plastiki. Kazi safi. Shati limepata matundu manne, la tano lilikuwepo.

Mama watoto amesimama mbali na ndoo ya maji, anauliza kila dakika kama bado ninaona. Nikamwambia ninaona vizuri, nakuona umenuna.

Jioni nimechora alama. Karani alisema zisipungue kiganja. Zangu zina ukubwa wa sinia. Rubani akipita juu atajua nani kapakia.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya mizani! Nimetumia ile ya bafuni ya mkwe, anayoipanda kila asubuhi kisha anaitukana. Boksi ukiliweka juu linafunika namba. Mjinga angekwama hapo. Mimi nikapanda mwenyewe na boksi begani, mama watoto akainama kusoma. Mia moja na nane. Toa mimi.

Mimi ni kilo sabini na nane. Nilipimwa kwenye mizani ya magunia, nikiwa kijana wa kubeba betri za matrekta mbili mbili, na waliokuwepo walipiga makofi. Mia moja na nane toa sabini na nane ni thelathini. Kamili! Chupa thelathini na nne kwa boksi, mara tatu, mia moja na mbili. Halikubaki tone.

Mama watoto akasema hebu panda peke yako kwanza. Nikauliza kwa nini. Akasema suruali zako nimezipunguza kiuno mara tatu. Nikamweleza kwamba nguo ikifuliwa sana inatanuka. Akauliza mbona zake hazitanuki. Mwanamume hapimwi kila wiki kama mtoto wa kliniki.

Jambo moja tu limenishangaza. Kilo thelathini za siku hizi ni nzito! Zamani nilizibeba huku napiga mluzi. Leo nimetua boksi la tatu nikakaa chini, mama watoto akaja na ile ndoo.

Ijumaa, 7 Juni

Karatasi ya kutamka. Nimekaa nayo kuanzia chai hadi mchana. Kuandika siyo shida. Shida ni lile neno.

TAKA? Maji haya yameamsha magari ya wagonjwa! Yamewasha taa za maharusi! Bwana harusi mmoja asingefika bila mimi, na kama alikuja kujuta hilo si la betri. Nifike bandarini niyatukane mbele za watu?

Nimeandika ASIDI MSTAAFU. Heshima ni heshima.

Shemeji amepita, kachungulia, kacheka mpaka akashika ukuta. Akasema utarudishwa. Nikamwambia wewe ulistaafu na hakuna aliyekuita taka, ingawa nafasi ilikuwepo. Akaacha kucheka. Lakini alipotoka akasimama kwenye maboksi, akajaribu kunyanyua moja kwa mkono mmoja, halikutikisika. Akanitazama. Akasema shemeji, hizi ni thelathini kweli? Nikamwambia kula vizuri.

Jumamosi, 8 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa hasira, herufi zimelala.

Bandarini foleni. Mbele yangu shemeji na kiboksi chake. Kilo ishirini na mbili. Karani akasoma karatasi, akagonga muhuri, akamwambia asante mzee kwa kazi nzuri. Shemeji akageuka taratibu ili nimwone vizuri.

Zamu yangu. Mizani yao ni bamba la chuma sakafuni, anayesoma ni bwana mmoja mwembamba na kijiti mdomoni. Akasoma arobaini na nne. Nikasema soma tena. Arobaini na nne. Nikatangaza kwamba mizani ni mbovu. Wakarudisha boksi la shemeji juu ya bamba. Ishirini na mbili, vilevile. Nikasema mizani inamwogopa.

Yule mwembamba akahamisha kijiti shavu la pili, akaniuliza nimepimaje. Nikamweleza ufundi wangu, wote, kwa sauti, foleni nzima isikie na kujifunza. Akasema basi panda wewe.

Nikapanda. Nikavuta pumzi nyingi kadiri inavyowezekana.

Sitini na nne.

Mchukuzi mmoja kutoka nyuma akapaza sauti, mzee, kilo kumi na nne umezisahau wapi, tukusaidie kuzitafuta? Kicheko mpaka kwenye ngazi za meli. Na karani naye akachagua wakati huohuo kuuliza babu, neno TAKA liko wapi, na huyu mstaafu ni nani.

Hapo shemeji akaja na maboksi mawili mapya kayakunja kwapani, na gundi ya karatasi. Alikuja nayo toka nyumbani! Alijua! Akasema polepole, bila kucheka, shemeji, tuna saa nzima. Tugawe. Chupa ishirini, ishirini na moja kila boksi, mimi nachora alama, wewe andika TAKA, meli inaondoka nazo. Mama watoto akanishika mkono akasema pokea, baba nanihii, pokea kwa ajili ya karakana yako.

Nilitazama maboksi. Nilitazama foleni. Nikasema maboksi yangu ni kilo thelathini, anayetaka kubadilisha kitu abadilishe mizani.

Meli imeondoka saa sita kamili. Thina ya shemeji imo. Nilibaki ukingoni mpaka ikawa ndogo kama betri ya saa. Si kwamba nililia. Moshi wa meli unachoma macho.

Jumatatu, 10 Juni

Bwana wa mazingira kafika na kufuli lake. Maboksi yangu kayachukua kuyapeleka stoo ya manispaa, kila kitu kaandika, hata alama zangu kazisifu kwamba ni kubwa. Kisha klik. Miaka arobaini, klik moja. Akasema mzee, meli ijayo ni baada ya wiki tatu. Yakiondoka, ufunguo wako huu hapa. Yasipoondoka, jengo linapewa matumizi mengine.

Mkwe kaniletea chai, kaweka sukari bila kuombwa. Mfukoni alikuwa na futi ya kupimia. Nyanyua miguu baba, akasema.

Shemeji kaleta tena yale maboksi mawili, kayaacha mlangoni. Mama watoto kasema ukichukua hayo kesho tumemaliza.

Nimekaa, nimefikiri mpaka kichwa kikapata moto. Na kosa nimelipata! Hesabu ilikuwa sahihi toka mwanzo. Kilichopungua ni mimi.

Kwa hiyo nanenepa. Kilo kumi na nne, wiki tatu. Nimeanza leo hii: mayai sita, mkate mzima, ndizi tisa, maziwa ya jagi. Nikifika sabini na nane, boksi litakuwa thelathini kama nilivyosema. Mama watoto kasema boksi litabaki arobaini na nne hata niwe kiboko. Maskini, hajui kutoa.

Maboksi ya shemeji nimeyapasua, nimeyatandika chini ya godoro. Mtu anayenenepa anataka kulala pazuri.

Asiyeamini haya amuulize mama watoto, aliyekaanga mayai yote sita huku akinitukana. Amuulize shemeji, aliyeyahesabu kutoka dirishani kwake. Amuulize na yule mwembamba wa mizani, ila asubiri wiki tatu, mpaka nimvunjie lile bamba lake.