Waifai ya Mama Isipite kwa Clovis

Alhamisi, 27 Machi 2025
Mama mdogo Illuminée anapasuliwa Jumatatu, Bujumbura. Anataka kwanza aonane na Mama kwa video, Jumapili baada ya misa. Dada pekee aliyebaki! Ruta ya waifai iko sebuleni kwangu. Mama analala nyumba ya nyuma, miguu haimbebi, waifai haifiki. Nimenunua vituo viwili vya kupokezana waifai. Fundi Mutsinzi kaeleza kwamba cha kwanza kiwekwe katikati ya ua wetu, kipokee ndipo kigawe. Katikati ni chumba cha mdogo wangu Clovis. Abadani! Aje atambe kwamba Mama anaishi kwa waifai yake?

Jumamosi, 29 Machi
Umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Nimesingizia mgongo. Clovis kaenda na jembe, mimi nikapanda banda la kuku. Kituo kimoja pale juu, kingine chumbani kwa Mama. Taa nyekundu. Nikakisukuma nyuma ya bati, ikawa kijani! Kidogo. Mutsinzi akasema kwa simu kwamba kituo kisichosikia vizuri hakina cha kusema. Fundi au padri? Nikamkatia.

Jumapili, 30 Machi
Mama alivaa umushanana wake wa sherehe, rozari mkononi. Uso wa Illuminée ukatokea, mdomo wazi, ukaganda. Mama akamwita, akamwita tena. Akaniuliza kama dada yake amekufa. Yampayinka, Mungu wangu! Niliona aibu.

Clovis alikitoa kituo bandani, akakiweka dirishani pake. Illuminée akasogea! Akamwambia Mama amezeeka. Mama akajibu kwamba na yeye hakubaki msichana. Wakacheka, wakasali, wakalia. Nami nililia mlangoni. Halafu Illuminée akauliza nani amewaunganisha. Mama akasema ni Clovis.

Ni Clovis! Na vituo nilinunua mimi.

Jumanne, 1 Aprili
Mungu asifiwe, Illuminée kaamka salama. Anaomba amwone Mama tena jioni hii, hata kwa dakika chache. Mama hajala tangu asubuhi kwa furaha.

Nimekaa, nimetafakari kwa unyenyekevu, na kosa langu nimeliona. Banda lilikuwa fupi. Seremala ameahidi kuja kuliinua wakati wowote wiki hii. Kituo nimeshakichomoa dirishani kwa Clovis.

Mama tayari amevaa.