Dhahabu ya Elphas na Jina la Mjukuu Wangu

Machimbo ya Mawe,
Kitengela.
Jumatatu, 18 Agosti 2003

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Timu ya Taifa,
Nairobi.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: NYINYI KUMKOSESHA MJUKUU WANGU JINA

Natumai barua hii itakukuta ukiwa umepumzika vizuri baada ya kurudi kutoka ng'ambo. Sisi huku hatujapumzika. Mimi naitwa Maweu Munguti, nyapara wa machimbo ya mawe, mzee wa kanisa, na pia ni mwenyekiti kama wewe, maana naongoza wale watu wanaotazama televisheni katika hoteli ya Mugure. Televisheni yenyewe ni ndogo na inatumia betri ya gari, lakini michezo yenu ya mataifa iliionyesha yote, na aibu yake pia.

Kabla sijafika kwa malalamiko, wacha nikueleze jambo lilivyoanza, usije ukasema huyu mzee amelewa.

Kijana wangu Masila alimwoa Kakenya, binti ya mzee Lesiamon wa upande wa Isinya. Ndoa ni nzuri, hatuna neno. Neno lilikuja Kakenya alipokuwa mjamzito. Sisi Wakamba mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo, marehemu mama yangu alikuwa akisema, huyo bado si mtu, ni mgeni tu anayeweza kugeuza njia akarudi alikotoka. Wenzetu Wamaasai hawana haraka hiyo. Mtoto wao anaweza kukaa miezi na jina la kushikilia tu, mpaka sherehe yake ifike. Sasa mke wangu Munyiva akaapa kwamba mtoto wa Masila hatalala siku ya nne bila jina. Lesiamon akajibu kwamba hajawahi kuona watu wanaomwita mtoto jina kabla hajafungua macho vizuri, ni kama wanaogopa watamsahau. Munyiva akaacha kumpikia chai akija. Mama Kakenya, mke wa Lesiamon, naye akaacha kuja kabisa. Wakaenda hivyo mwezi mzima, na mimi niko katikati.

Ndipo nikatoa hekima yangu. Michezo ilikuwa karibu kuanza, na mtoto pia alikuwa karibu. Nikasema mtoto apewe jina la Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu. Munyiva atapata haraka yake, kwa sababu watu wetu hukimbia mbio, na Lesiamon atakuwa na kitu cha kungojea. Hakuna ukoo utakaoshinda mwingine, itakuwa ni nchi imeshinda. Wazee walipiga makofi. Lesiamon akatutemea mate viganjani, hiyo kwao ni baraka, tukashikana mikono. Hakuna aliyeuliza tutafanyaje mtoto akiwa msichana. Tulikuwa wanaume watupu pale.

Mtoto akazaliwa Alhamisi ya mwisho ya Julai. Msichana, mzito, mwenye sauti ya kuamsha machimbo yote. Sasa sikia mlichonifanyia. Nayaweka kwa namba ili usipotee.

1. Kuhusu Elphas. Ijumaa, mtoto akiwa hata hajamaliza siku mbili duniani, kijana wenu Elphas alishinda dhahabu. Sina chuki naye. Alikimbia vizuri mpaka Mugure akamwagia mteja chai na mteja asilalamike. Lakini nauliza, haraka ilikuwa ya nini? Kwani mbio zake hazingeweza kungoja wasichana wamalize zao? Hata kanisani kwetu wakati wa sadaka akina mama hutangulia. Matokeo ya haraka zenu ni kwamba niko na mjukuu msichana ambaye, kwa maneno ya wazee, anaitwa Elphas. Nimejaribu kulisema hilo jina kwa sauti ya chini, nikalisema kwa sauti ya juu, nikaliimba. Linakataa katakata.

2. Kuhusu Lesiamon. Mzee huyu, ambaye mwanzoni hakutaka jina lolote, sasa analipenda. Anasema maneno ya wazee yakishatemewa mate hayarudi mdomoni. Akinipigia kwa simu ya Masila, kitu cha kwanza anauliza Elphas wake ananyonya vizuri? Halafu anacheka mpaka simu inakatika. Nilimbembeleza sana siku ile ya Ijumaa, na mwishowe akanipa nafasi moja. Kesho yake, Jumamosi, Naliaka wenu alikuwa anakimbia mita elfu tano. Akishinda dhahabu, mtoto ni Naliaka. Akikosa, mtoto ni Elphas na tusisumbuane tena. Angalia, Mheshimiwa, Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya tatu yenyewe! Mungu alikuwa amepanga kila kitu, nyinyi mkapangua.

3. Kuhusu Naliaka. Hapa nisamehe. Hoteli ilijaa mpaka watu wakakalia magunia ya makaa. Naliaka anaongoza. Anaenda vizuri, mabega yametulia, na mimi moyoni nimeshaanza kumwita mjukuu wangu Naliaka. Mizunguko minne imebaki. Puu! Chini. Kiatu kikaenda upande wake na yeye upande wake. Mimi niliinuka nikatoka nje, na wanaume wote wakanifuata, kwa sababu kutazama mtu amelala hatuhitaji televisheni, wako wengi hapa machimboni kila siku baada ya chakula cha mchana. Mle ndani walibaki Mugure na wanawake wawili waliokuwa wametumwa kumchukulia Kakenya supu ya mifupa, yaani mke wangu na mama Kakenya, aliyekuja siku hiyo kumwona mtoto, kila mmoja kwa benchi yake. Hata hiyo supu ilifika nyumbani baridi. Mama mzazi akanywa supu baridi kwa sababu ya Naliaka!

Kwa hivyo naomba msichana huyo afukuzwe timu na avuliwe sare za taifa. Nasikia kwa redio kwamba tangu arudi amejifungia kwao, hataki kuonekana na mtu. Ajifungie hivyo hivyo. Mtu asiyeweza kusimama kwa miguu yake hawezi kubeba jina la nchi, na la mjukuu wangu ndiyo hawezi kabisa.

4. Kuhusu hali ya nyumbani. Tangu Jumamosi ile watu wangu hawako sawa. Munyiva, aliyepigana mwezi mzima, amenyamaza. Hanung'uniki tena juu ya siku ya tatu wala ya nne. Anaosha vyombo akiimba. Nimewahi kuona mtu akiimba namna hiyo, alikuwa amepoteza ng'ombe wake wote kwa kiangazi. Mama Kakenya naye, ambaye alikuwa amekataa kuja kwetu, sasa haondoki. Alimletea mtoto shanga za rangi ya bendera, na mtoto amezivaa shingoni. Hebu fikiria, mtoto hana jina lakini ana shanga! Nikiingia chumbani wanawake wote wananyamaza. Nikimwita mtoto Elphas, kwa sababu mimi ni mtu wa kushika neno, Kakenya anajifunika uso kwa leso na mabega yanatikisika. Msichana wa watu analia kila siku, Mheshimiwa. Machozi hayo yako kwa kichwa chako.

5. Kuhusu mbuzi. Nilinunua mbuzi wa kumchinjia mtoto siku ya jina. Kwa kuwa jina limekataa kukaa, mbuzi pia amekaa. Amekula kalenda ya kanisa, amekula kola ya shati langu la Jumapili, na sasa mimi na yeye tumezoeana, jambo ambalo si zuri kwa mbuzi wa kuchinjwa. Vibarua wangu wananiuliza kila asubuhi kama matokeo yametoka. Pasta nimemwambia angoje. Anaitikia sawa mzee, halafu anaangalia pembeni.

6. Kuhusu maafisa wenu. Siku ya ufunguzi niliona wakipita wanaume wengi wenye koti na tumbo, kuliko wanaokimbia. Katika hao wote hakukuwa na hata mmoja wa kushuka uwanjani kumwinua Naliaka? Juu ya kuogelea sitasema kitu. Sisi wa Kajiado maji tunanunua kwa mitungi, kwa hivyo hatuwezi kumcheka mtu aliyefika wenzake wakiwa wameshakauka.

Sasa maombi yangu, na uyafuate kwa mpangilio.

Kwanza, mbio za Naliaka zirudiwe. Si lazima ziwe ng'ambo. Kuna uwanja hapa karibu na machimbo, vijana wangu watatoa mawe. Pili, kama wale wa nchi zingine wamekataa kuja, akimbie peke yake ashinde, mimi nitakuwa refa. Tatu, kama hilo pia ni gumu, Elphas aende kwa redio atangaze kwamba dhahabu ile aliikimbilia kwa niaba ya Naliaka, aliona tu aibu kusema. Nne, kama Elphas ana kichwa ngumu, basi abadilishe jina lake aitwe Munyiva. Ni jina zuri, la heshima, na litanirudishia amani jikoni. Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu atakuwa ni Munyiva, mtoto ataitwa kama nyanya yake, na Lesiamon hatakuwa na la kusema. Tano, mkichagua kumpa Naliaka dhahabu, mpeni kwanza, ndipo mumfukuze. Msianze na kumfukuza, mtaniharibia.

Nisipojibiwa nitambeba mtoto nije naye ofisini kwenu, nimweke juu ya meza, mumwite wenyewe mnavyojua. Nimekwambia ana sauti.

Nisalimie makocha, wapishi wa timu, rubani aliyewarudisha salama na hata yule mwogeleaji, mwambie akauke vizuri. Masila anawasalimu, Mugure pia. Lesiamon anawasalimu huku akicheka.

Mimi mwenye uchungu wa taifa na wa nyumba,

Maweu Munguti,
Nyapara, tena Babu.

Tanbihi: Mheshimiwa, subiri kwanza. Nilimpa Munyiva barua hii aisome, ili ajue nimekuwa nikimpigania. Alipofika namba tatu aliiweka chini akaniuliza kama najua zile mbio ziliishaje. Nikamwambia najua, alianguka. Akasema, hapo ndipo nyinyi wanaume mlipotoka.

Kumbe Naliaka aliamka. Alivua kile kiatu kilichobaki, akakimbia miguu mitupu, goti linatoka damu. Wenzake walimaliza, wakavaa koti zao, na yeye bado anazunguka peke yake analia, mpaka akafika mwisho, na uwanja mzima ukasimama. Munyiva anasema Mugure alisimama na sufuria mkononi, supu ikapoa. Anasema alijikuta ameshikana mkono na mama Kakenya na hajui ni nani aliyehama benchi. Waliporudi nyumbani, jua likiwa bado juu, siku ya tatu, walimvisha mtoto shanga na kumwita Naliaka. Kakenya alikubali. Masila anajua. Pasta anajua. Vibarua wanajua. Lesiamon aliambiwa siku hiyo hiyo, akasema jina la mtu wa kuamka hata yeye hawezi kulingojea. Mtu wa pekee ambaye hakuambiwa ni mimi, kwa sababu walitaka kuona nitamwita Elphas mpaka lini. Kakenya hakuwa analia kwa ile leso.

Sasa niko na shida. Kwetu, mtu aliyempa mtoto wako jina ni wa nyumba yako. Naliaka wenu sasa ni damu yangu, nitamshtaki vipi? Kwa hivyo namba tatu ifuteni yote. Asifukuzwe. Sare asivuliwe. Ningeandika barua nyingine, lakini Munyiva amekataa, amesema itumwe hivi hivi ili nione haya. Nimeona. Elphas akae na dhahabu yake na jina lake.

Lakini kwa hisani yako, tuma mtu kule kwao Naliaka amtoe nyumbani alikojifungia. Amwambie kuna mtoto Kitengela ni wajina wake, na mbuzi bado yuko. Aje siku yoyote, hata akichelewa vipi. Mimi mwenyewe nitasimama barabarani kumngojea, na safari hii sitaondoka kabla hajafika.

M.M.