Mjomba wa Ngazi

Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu kaniletea daftari. Eti niandike, niache kuongea na ukuta kama ninavyofanya tangu mama yake afariki. Haya. Naandika.

Mimi kibarua wa zege. Jengo letu limefika ghorofa ya tatu. Kazini wananiita Mjomba, kwa sababu mimi ni mjomba wa Ngazi. Ngazi ni yule kijana wa mpira wa kikapu, miaka ishirini, mrefu mpaka anainama kupita mlangoni. Nchi nzima inampenda.

Ukweli? Daftari halina mdomo, nitasema. Si mjomba wake. Nilimwaga zege la kiwanja alichojifunzia. Alikuwa mtoto, akakanyaga zege bichi, nikamfukuza kwa beleshi. Ndiyo undugu wetu wote.

Lakini ujomba una faida. Mama Chai, mjane mwenzangu anayeuza chai getini, ananiwekea kiti. Wengine wanakalia tofali. Jumapili namwomba anikubali, tuoane. Mambo mazuri!

Jumanne, 4 Juni

Balaa! Redio asubuhi: Ngazi kamsukuma mlinzi wa hoteli. Mzee wa watu, kaomba kitambulisho tu. Kaanguka, mkono umeteguka. Picha iko kwenye kila simu: mzee chini, Ngazi kamsimamia kama mnara.

Kazini wote wameinamia simu. Isipokuwa Fundi Rula, yule mwashi anayeshabikia timu pinzani. Ana furaha kama kapata mapacha. Akauliza kwa sauti, Mjomba, huko kwenu mlinzi anasalimiwa kwa kofi au kwa teke? Walicheka mpaka karai la zege likadondoka.

Vibarua karibu wote wako upande wa mlinzi. Hata mimi ningekuwa huko, kama nisingekuwa mjomba. Nikasema mpwa wangu kalelewa vizuri. Fundi Rula akauliza, na nani? Nikasema na mimi. Kosa! Kosa kubwa!

Saa ya chai, kiti hakuna. Mama Chai akasema marehemu mumewe alilinda geti miaka kumi na tisa, akitukanwa na kila mwenye gari, anarudi nyumbani kanyamaza. Akanimiminia nusu kikombe. Hakuniangalia.

Jumatano, 5 Juni

Mpango: kuondoa ushahidi. Kofia yangu ngumu ina namba 9, ya Ngazi, nilichora mwenyewe kwa rangi nyekundu. Haifutiki. Nikaongeza mstari mmoja, 9 ikawa 8. Akili hiyo!

Fundi Rula kaniona, kanikumbatia. Namba 8 ni nahodha wa timu yake. Akatangaza, Mjomba kahama! Mashabiki wa Ngazi waliobaki ni wawili, yule wa kufunga nondo na yule wa kuchota maji. Wote wameninunia. Wa upande wa mlinzi nao wananiita kigeugeu.

Nimechukiwa pande zote mbili kwa siku moja. Marehemu mke wangu alisema mimi hodari wa kuharibu. Hata yeye angeshangaa hii kasi.

Alhamisi, 6 Juni

Tumemwaga zege la sakafu ya juu. Mstari, karai mkono kwa mkono. Mimi nanyoosha mikono, karai linanipita, kama mimi ni nguzo. Msimamizi kanitoa, nikaoshe makarai juani.

Mpango wa pili: kumkana. Saa ya chai nikapanda juu ya tofali. Nikasema kuanzia leo Ngazi si mpwa wangu. Damu yangu haisukumi wazee! Nikatoa na machozi. Saruji iliingia jichoni, ikasaidia. Wakapiga makofi.

Fundi Rula akauliza, dada yako, mama yake Ngazi, kasemaje? Nikasema hatuongei. Akauliza, anaitwa nani? Nikashuka kwenye tofali.

Mama Chai kanipa kikombe kizima. Kiti bado.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa jingine! Mlinzi kaongea mwenyewe redioni. Hakusukumwa. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, akateleza. Kijana alitaka kumdaka, akamkosa, kisha akambeba mpaka hospitali. Mzee akasema yule anajua kudaka mpira tu, wazee bado ajifunze.

Kazini shangwe. Yule wa nondo katoa machozi ya furaha. Halafu wote wakanigeukia. Mtu gani anamkana mtoto wa dada yake kwa maneno ya redio? Aliyetikisa kichwa kwa huzuni kuliko wote ni Fundi Rula. Siku tatu anasherehekea, leo ana utu! Mnafiki!

Nikasema basi, narudisha ujomba. Wakasema ujomba si beleshi la kuazima.

Jumamosi, 8 Juni

Mama Chai kaniita pembeni. Nikajua nimekwisha. Akauliza, wewe humjui yule kijana, sivyo? Nikaanza kuapa. Akainua kijiko kikubwa cha chai. Nikamwambia yote, kiwanja, zege bichi, beleshi.

Kacheka mpaka kakaa chini. Alijua siku ya kwanza, kasema. Ukoo wa Ngazi hauwezi kuzaa kimo changu kifupi. Ujomba haukumuudhi. Kilichomuudhi ni kwamba Jumanne nilimtetea mpwa nisiye naye, na yule mzee sikumuulizia hata hali.

Imeniingia hiyo. Nikasema nimekosea. Sikuongeza kitu. Kazi ngumu, kutoongeza kitu.

Nikamwomba hapohapo tuoane, Jumapili niliiona mbali. Akasema atanijibu kesho. Sharti moja, nisidanganye tena, hata kidogo. Nikakubali kwa moyo wote.

Jumapili, 9 Juni

Kakubali!!

Nimeenda kwake na shati la pasi. Kaka yake mkubwa kaniuliza maswali saa nzima, nimejibu yote kweli. Jasho! Binti yangu katoa machozi kwenye simu, kasema mama angefurahi. Nadhani ndiyo. Ukuta leo sikuuambia kitu.

Jumatatu, 10 Juni

Mtu mpya mimi. Asubuhi nimewaambia wenzangu ukweli wote, si mjomba wa yeyote. Fundi Rula akasema walijua tangu mwaka jana, ila nilikuwa nawachangamsha. Imeniuma kidogo.

Saa sita wakaja mafundi bomba, kundi geni, hawanijui kabisa. Redio inamtaja yule mlinzi. Mmoja akasema, mzee yule ana moyo. Nikasema, ni shemeji yangu.

Si uongo huo! Mchumba wangu mjane wa mlinzi. Walinzi wote ndugu. Hesabu rahisi.

Wamenipa mkono, mmoja mmoja. Wameuliza lini atapita kutusalimia. Nimesema Alhamisi. Kesho natafuta mzee. Bandeji ya mkono nimeshapata.