Kwa Unyenyekevu Mkubwa, Ova

Jumatatu, 4 Mei 1964

Mvua siku ya kumi na moja. Barabara ya Busia imekatika. Lakini leo nimeona maajabu! Edris, fundi wa polisi, ameleta redio hapa ofisi ya chifu Malaba, imefungwa mgongoni mwa punda. Akanionyesha kitufe. Ukikibonyeza, unasema. Ukikiachia, unasikia. Ukimaliza, unasema ova. Kila saa nne asubuhi Bwana DC atafanya mkutano na vituo vyote, kila mtu akiwa kwake.

Saa nne ikafika. Lo! Sauti ya DC ikatoka ndani ya sanduku, karibu kabisa, mpaka nikamsikia akivuta chai. Na yeye yuko Busia! Nikasimama, nikavua kofia. Edris akaniambia DC hanioni, nikae. Sikukaa.

DC akatangaza: chifu wetu amestaafu, na atakayeshughulika vizuri na mafuriko haya ndiye atakayepewa kiti. Tuko wawili tu. Mimi Omagor, karani wa miaka tisa. Na Osukuku, mkuu wa kijiji cha Bondeni, mwenye redio kama yangu. Osukuku! Mtu wa kukohoa mara mbili kabla ya kusema, halafu kila neno lianze na kwa unyenyekevu mkubwa, tena kwa sauti ya puani.

Nikamwambia DC kwamba Malaba ni kukavu. Chifu mtarajiwa halialii. Maji yako ngazi ya pili ya ofisi. Ngazi ziko sita.

Jumanne, 5 Mei

DC aliita majina. Malaba, nipo. Bondeni, kimya. Akaita tena Bondeni. Kimya.

Hapo wazo likanijia, na sijui lilitoka wapi. Kwani nani ananiona? Nikabana pua. Nikakohoa mara mbili. Nikasema kwa unyenyekevu mkubwa mimi Osukuku nimeshindwa, maji yameingia nyumba za watu, watu wako juu ya miti, sina boti wala akili, naomba msaada, ova. Nikaachia kitufe nikiziba mdomo nisicheke. Mwanamume mzima analia mbele ya serikali! Kiti basi tena.

 Kisha DC akasema, kwa sauti ya chini, kwamba huyu ndiye mtu wa kwanza kumwambia ukweli tangu jana. Maboti manne ya wavuvi yaliyoletwa na lori kutoka Sio Port, kule ziwani, yaende Bondeni sasa hivi.

Akauliza Malaba. Kukavu, ova. Ngazi ya nne.

Jumatano, 6 Mei

Mwili wangu umesisimka hata kuandika ni shida. DC ametangaza kwamba maboti yameokoa watu sitini na mmoja huko Bondeni. Walikuwa juu ya miti! Kweli kabisa juu ya miti! Mama mmoja, Anyait, alishushwa na mtoto wa siku mbili kifuani. Na mimi nilidhani natunga. Nimeukalia huu mdomo wangu miaka arobaini bila kujua una nini ndani.

Wenzangu wote redioni walimsifu Osukuku. Nikaudhika.

Alhamisi, 7 Mei

Ngazi ya sita, kisha mlango, kisha meza. Tuko juu ya paa: mimi, mke wangu Asio, mama yake, wapangaji tisa wa lojing'i ya jirani, na redio. Sijawahi kuona maji ya namna hii. Hayana haraka, hayana kelele, yanapita na ng'ombe na vitanda vya watu, na huwezi hata kuyatukana. Niliogopa, nasema wazi.

Saa nne nikalia kwa sauti yangu mwenyewe. DC akacheka. Akasema Omagor, wewe umesema kukavu siku tatu, usitake maboti kwa sababu mwenzako amepewa, ova.

Mama mkwe akaanza kusali. Asio akanishika mkono, akauliza tutafanya nini. Basi nikabana pua mbele yao wote. Kwa unyenyekevu mkubwa, mimi Osukuku, kutoka huku mlimani tulikokimbilia naiona Malaba inazama, na ndugu yangu Omagor yuko juu ya paa, anaona aibu kusema, ova.

DC akasema maboti yanakuja. Asio akauachia mkono wangu.

Boti la kwanza lilikuwa na Osukuku mwenyewe, matope hadi shingoni. Akatushusha mmoja mmoja, na mama mkwe kwa kumbeba mgongoni. Akanieleza kwamba redio yake iliingia maji Jumatatu jioni, haijasema neno tangu hapo, ila wenye maboti wamemsimulia sauti aliyoisikia DC. Basi nani aliita maboti? Mungu, akasema, Mungu amekohoa kama mimi. Akapiga magoti humo humo botini, tukayumba nusura tuzame.

Jumamosi, 9 Mei

Maji yanashuka. Jua limetoka. Osukuku ametangazwa chifu kwa redio, watu wa Bondeni wakipiga vigelegele nje. Nami nilipiga makofi, na kwa dakika moja nzima nilifurahi kwa kweli, maana yule mtoto wa Anyait alikuwa analia kwa nguvu, mzima.

Halafu Bwana Chifu akaniita pembeni. Anaogopa kuigusa redio ya ofisi, eti sanduku lililosemewa na Mungu si la mikono yake. Ameniomba mimi karani niitunze, na kila saa nne nijibu kwa niaba yake.

Mimi! Kwa niaba yake!

Jumatatu saa nne Chifu Osukuku atajiuzulu, kwa unyenyekevu mkubwa, na kumpendekeza Omagor. Asio ameuliza kwa nini nakohoa tangu jioni. Nimemwambia ni ile baridi ya paa.