Afisa Salamu wa Makazi ya Heri

Emilian Ngollo alikumbuka nyumbani. Katika Makazi ya Mfano ya Heri, pale Ntalikwa, hilo lilihesabika kuwa tatizo la kiufundi, kwa hiyo siku ya Jumatatu Ofisi ya Mratibu ilimtuma fundi bomba.

Fundi alifungua bomba, maji yakatoka. Akawasha taa, ikawaka. Akaandika: "Mkazi hana sababu."

Na kweli hakuwa nayo. Heri ilizinduliwa kwa tangazo lililobandikwa hata kwenye kilabu cha pombe: makazi ya kwanza yasiyo na upungufu wowote, nyumba arobaini, vigae, geti, na uzio mrefu wa kumzuia jirani asikuone ukila. Watu waliletwa kwa lori kutoka Ziba, na kuku wao wakapewa namba. Kaya thelathini na tisa zilikuwa zimeshasaini Fomu ya Kuridhika. Ya arobaini ilikuwa ya Emilian.

Aligoma kwa sababu moja. Fomu zote arobaini zikitimia, katapila lingekwenda Ziba kuvunja nyumba za zamani, ili kuwakinga wakazi na kishawishi. Nyumba ya Emilian ilikuwa ya matofali aliyoyachoma mwenyewe. Nyuma yake palikuwa na mwamba ambao juu yake mkewe, Leonia, alianika michembe miaka thelathini. Viazi unavikata, jua linavikausha, mwaka mzima unakula. Mwisho wa kusaini ulikuwa Ijumaa saa tisa alasiri.

"Unakosa nini hasa?" Mratibu Renatus alimuuliza Jumanne. "Taja kitu tukuletee. Bajeti ya furaha ipo."

Emilian alifikiri. "Asubuhi hakuna anayenisalimia."

Renatus alishusha pumzi. Alitegemea kuombwa ng'ombe. Kabla ya saa sita kikao kilikuwa kimekaa, na saa nane cheo cha Afisa Salamu kilikuwa kimeundwa, kikiwa na kizibao cha kijani na rejista.

Aliyepewa alikuwa Julieth, binti wa Gongoni mwenye cheti cha ukarani. Maelekezo: dakika mbili kila nyumba, na aandike kila neno litakalosemwa.

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alipiga hodi kwa Emilian.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama." Aliandika, akageuka.

"Sasa unakwenda wapi? Hata hatujasalimiana. Wazazi wameamkaje?"

"Wazima."

"Wote wawili?"

"Baba ana mguu."

"Upi?"

Saa moja na robo walikuwa bado kwenye habari za shangazi. Kule Ziba salamu haiishi mpaka umeulizia watu, mifugo na mvua, na mwisho kabisa ukamwuliza mgeni kwao ni wapi. Julieth aliondoka saa tatu. Nyumba nyingine thelathini na tisa, ambazo hazikuwahi kuomba salamu, zilipeleka malalamiko ya kutosalimiwa.

Alhamisi Renatus alikuja mwenyewe, amevaa suti, Julieth nyuma yake na rejista. Alitaka kumwonyesha Julieth salamu ya kitaalamu.

"Shikamoo, Mzee Ngollo. Saini hapa."

"Marahaba. Kaa kwanza. Anayesalimia amesimama ana habari ya msiba."

Renatus akakaa. Leonia akaweka mezani sahani ya michembe iliyopikwa kwa karanga. Aliileta Heri kwa kuificha kwenye furushi la nguo, kwa kuwa kanuni ziliiweka kwenye kundi la uchafuzi wa mandhari. Renatus alikula kipande kimoja kwa ajili ya itifaki. Akala cha pili kwa sababu zake.

"Mama yako ameamkaje?" Emilian aliuliza.

"Yupo."

"Hata kabati lipo. Nimeuliza ameamkaje."

"Sijui, mzee."

"Kwenu wapi?"

"Hilo linahusu nini?"

"Babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara, njia hii hii. Alisema asiyeulizwa kwao, akifia njiani hakuna pa kupeleka habari. Kwenu wapi?"

Renatus alitafuna polepole. "Usoke."

"Usoke hapo? Si treni inafika?"

"Kazi, mzee. Mwaka wa sita huu." Akachukua kipande kingine. "Mama yeye karanga anazikaanga kwanza. Nyumba iko kando ya reli. Treni ikipita, vikombe vinagongana kabatini." Alivua miwani. "Huku hakuna kinachogongana. Usiku nasikiliza, hakuna."

"Kula, baba," Leonia alisema.

Kalamu ya Julieth ilikuwa bado inakwaruza. Renatus akageuka.

"Wewe unaandika nini?"

"Kila neno, Mratibu."

Kanuni ya Tisa ilitungwa na Renatus mwenyewe, akaisoma kwa kipaza sauti siku ya uzinduzi: yeyote atakayeandikwa kuwa anatamani mahali pengine, bila kujali cheo, akae siku tatu katika Chumba cha Kuzoea, chenye picha ya Heri kila ukuta. Julieth alisoma rejista, akasoma kanuni. Cheti chake hakikumfundisha kuruka mstari. Akaita walinzi wa geti.

Walimpeleka Mratibu kwa heshima zote. Aliomba michembe ya njiani, wakamkumbusha mandhari.

Ijumaa saa tisa ikafika, ikapita. Fomu ya Kuridhika haina nguvu bila muhuri wa Mratibu kabla ya muda kwisha, na muhuri ulikuwa mfukoni mwa suti, suti ikiwa chumbani, inazoea. Jalada lote likabatilika, saini thelathini na tisa zikiwemo. Wenye saini zao walipopata habari hawakulalamika. Walianza kufunga mizigo.

Renatus alitoka Jumapili. Jumatatu alipanda treni ya Usoke, na vyombo vyake akaagiza vifuate.

Salamu ile iligharimu hivi. Sahani za michembe: mbili, ya pili ikiwa ya Julieth. Rejista iliyojaa: moja. Safari za lori kurudi Ziba: kumi na moja. Nyumba zisizo na upungufu wowote, zilizobaki tupu: arobaini. Kuku aliyepotea njiani: mmoja, namba kumi na saba. Mratibu: mmoja.