Nungunungu wa Pili na Kiti cha Dirishani

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo kuna habari! Bosi kanunua kiti kidogo cha kusukia watoto. Chekundu, ukikikanyaga kinapanda na kushuka. Kimewekwa dirishani, mahali pa heshima. Atakayekabidhiwa atakuwa msusi kamili, si mfagia nywele na mwosha vichwa kama mimi, anayepewa mtoto wa kusuka mara mojamoja. Wanaokigombea ni wawili: mimi na wifi. Yaani dada wa mume wangu, ambaye mimi mwenyewe nilimwombea kazi hapa saluni. Tenda wema nenda zako, walisema. Mimi nikabaki.

Mtihani ni Jumamosi. Mwalimu wa chekechea analeta wasichana wanane wasukwe kwa ajili ya picha ya shule. Wanne wangu, wanne wa wifi. Anayetaka kiti, kasema Bosi, asuke bila mtoto kulia wala kukimbia.

Sina wasiwasi. Nina tableti yenye ufa, na ndani yake kuna katuni ya Nungunungu. Mnyama mdogo, hana wa kumkumbatia kwa sababu ya miiba yake, basi anaimba. Mtoto yeyote akiiona anaganda. Nimeshaipima: wimbo wa kwanza, nachana na kugawa nywele. Wimbo wa mtoni, nasuka mistari. Mama yake akimpata na kumwimbia, nafunga ncha. Filamu ikiisha, na kichwa kimeisha.

Kiti ni changu. Nimemwambia mume wangu. Kauliza kama dada yake anajua.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Balaa! Mteja mdogo, miaka sita, kaitazama tableti akabenua mdomo. Eti hiyo ya zamani, ya watoto wachanga, siku hizi watu wanatazama Nungunungu wa Pili. Watu! Miaka sita!

Wifi akacheka hadi akashikilia draya. Akaniambia mbele ya wateja, wifi yangu mpenzi, wenzio wameshahama na wewe bado unafunga mizigo. Akaongeza kwamba yeye ya pili anayo. Huku akijipuliza kucha, kama mtu asiye na shida duniani.

Hapana. Hata siku moja.

Saa sita, badala ya kula, nimekimbilia kwa fundi simu wa kona. Anayo! Lakini tableti imejaa. Kasema ama nitoe picha za mtoto, ama nitoe katuni ya kwanza. Picha za binti yangu Chiriku? Akiwa hana jino hata moja, anacheka na ukuta? Sitoi! Nikasema toa katuni. Fundi kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu kwamba anayetaka kupanda haiangalii ngazi aliyokanyaga. Methali nimeitunga palepale, lakini ilisikika vizuri.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Asubuhi nimeitazama ya pili yote na Chiriku, tukinywa chai. Sasa nalinganisha kama msomi.

Ya kwanza ina nyimbo tano. Ya pili kumi na moja! Katika ya kwanza Nungunungu yuko peke yake na kilio chake. Katika ya pili ana rafiki saba, kila mmoja na wimbo wake na viatu vyake. Rangi zinawaka hadi macho yanauma. Ile miiba iliyomliza filamu nzima, sasa anatobolea maputo, na hakuna anayekumbuka kwamba iliwahi kuwa shida. Mama yake katajwa mara moja, kama jirani aliyehama.

Chiriku kauliza mama yuko wapi. Nikasema kaenda kazini, kama mimi. Kauliza mbona hakuaga. Ana miaka minne tu, maswali haya anayatoa wapi? Nikampakata mpaka chai ikapoa. Kisha akaomba ile ya zamani. Nikamwambia haipo, mwanangu, tumesonga mbele. Akanipa mgongo mpaka nilipomwacha kwa bibi yake.

Hukumu: ya pili ni bora. Kumi na moja ni zaidi ya tano. Shule niliiacha njiani, lakini hilo walikuwa wameshanifundisha.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Majaribio. Mteja ni mtoto wa muuza maua. Wimbo wa kwanza wa ya pili unasema rukeni wote. Mtoto akaruka. Kitana kilikuwa utosini, kikaishia sikioni. Mstari umepinda kama njia ya mlevi. Wimbo wa pili, zungukeni. Akazunguka, nami nikazunguka naye, maana nywele zake nilikuwa nimezishika. Wimbo wa tatu, pigeni makofi. Hapo nikapumua. Kumbe makofi yenyewe ni ya juu ya kichwa, na vidole vyangu vilikuwa hukohuko.

Bosi kauliza huo ni mtindo gani. Nikasema mpya. Kasema anaona.

Muuza maua kasema kwa upole kwamba atamvalisha mwanawe kofia.

Si neno. Yule mtoto ana damu ya moto. Wa Jumamosi watakuwa tofauti.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Leo maini yamenikatika. Wifi hana ya pili! Hakuwahi kuwa nayo, alikuwa anajisifu tu! Jana kaenda kwa fundi simu akaomba ya kwanza. Yangu! Fundi hakuwa ameifuta, eti kitu kizuri hakitupwi. Leo mteja wa wifi kakaa kimya kama mtungi, na wifi kasuka huku anapiga miayo.

Nikamvaa kule nyuma, kwenye masinki. Nikamwita mwizi wa mchana kweupe. Kajibu kwa utamu kwamba siku zote alikuwa anaona watoto wangu wanavyotulia ukianza wimbo wa mtoni, akashangaa mwenye mali anaitupa. Wifi, kasema, mimi nimeokota tu.

Kaokota!

Sikati tamaa. Kesho naongeza sauti.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Naandika vidole vikiuma.

Wamefika saa mbili asubuhi na mwalimu wao. Wanne wa wifi wakajipanga mbele ya simu yake, wametulia tuli. Wanne wangu wakaruka. Mmoja katoka mlangoni kachanwa upande mmoja, mwalimu akamfuata barabarani akamrudisha. Mwingine kakipanda kiti chekundu, akawa anapanda na kushuka nacho akiimba. Chiriku, niliyemleta kwa sababu bibi yake anaumwa mgongo, kanitazama, kachukua kigoda chake, kahamia kwa shangazi yake. Damu yangu mwenyewe!

Bosi akatazama saa. Mwalimu akamtazama Bosi. Nikaona kiti kinaondoka na hakina magurudumu.

Mara tableti ikazimika. Sikuichaji! Wanne wakafungua midomo walie. Sikuwa na la kufanya. Nikaanza kuimba mwenyewe ule wimbo wa mtoni, polepole, kama ninavyomwimbia Chiriku tangu akiwa wa kubebwa. Wakakaa. Mmoja akaniegemea. Hata wale wa wifi wakageuza shingo kunitazama, mistari ikapinda, simu ikabaki inajiimbia. Chiriku akarudi na kigoda chake. Nimesuka vichwa vinne bila chozi.

Kiti ni changu! Bosi katamka mbele ya mwalimu. Ila katoa sharti: niwasuke huku naimba, na kile kioo cha tableti asikione tena humu ndani. Nimelia kidogo kwenye taulo la wateja.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Leo nimepumzika na kutafakari. Nimeelewa kilichonipa ushindi. Ni ya pili! Iliwarusha watoto hadi wakaishiwa nguvu, ndiyo maana baadaye wakatulia. Maelezo mengine hayapo.

Wifi kapita kunipa hongera. Kasema watoto walitulizwa na sauti yangu, na yeye mwenyewe alisahau alikuwa anasuka nini. Akataka kunirudishia ya kwanza, bure. Wivu huo! Nimemshukuru nikakataa.

Bosi naye ni mtu mzima, mambo ya katuni atayajulia wapi? Kuanzia kesho tableti itakaa kwenye mfuko wa aproni, imechajiwa mpaka juu, inachungulia kidogo tu. Na tatizo la kuruka nimelitatua. Mtoto akiruka, nami naruka. Tukipanda pamoja na kushuka pamoja, kichwa kitabaki palepale mikononi mwangu.

Jioni nimejaribu na Chiriku uani. Mistari miwili imenyooka kabisa. Tulikuwa hewani na mstari wa tatu baba yake alipofika, akauliza kitana kiko wapi.

Bado tunakitafuta.